Barua Mia Mbili za Wembe

Saa kumi na mbili asubuhi Wembe alikuwa ameshavaa viatu. Alivipiga rangi, akafunga kamba, akasimama mlangoni. Kisha akakumbuka kwamba hana pa kwenda. Akarudi ndani, akazunguka meza, akachungulia dirishani, akarudi tena mlangoni.

"Baba watoto, kaa," mke wake alisema.

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Hapo umesimama."

Wembe si jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wenzake kazini. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mkata karatasi katika kiwanda cha kuchapa vitabu na madaftari. Alipanga rundo la karatasi chini ya kisu cha mashine. Akalipigapiga kwa kiganja pembeni mpaka likanyooka. Kisha akabonyeza. Rundo lilipotoka, hakuna karatasi iliyoizidi nyingine hata kwa unene wa unywele. Ndiyo maana wakamwita Wembe, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani.

Halafu kiwanda kikafungwa.

Siku ya mwisho wenzake walimfanyia hisani. Kazi ya mwisho ya ile mashine kubwa ya kuchapa, kabla haijazimwa, ilikuwa barua ya Wembe ya kuomba kazi. Nakala mia mbili! Karatasi nzito, nyeupe, za mabaki. Wembe alizikata mwenyewe. Alitoka getini na kifurushi kwapani, na moyoni alikuwa na amani. Mtu aliyezoea kuchapa anaamini wingi wa nakala. Haiwezekani apeleke barua mia mbili akose kazi hata moja. Tusimcheke. Hata sisi tungefikiri hivyohivyo.

Kwa wiki tatu alitembea mji mzima akigawa barua. Alipeleka viwandani, shuleni, madukani na ofisini. Alipeleka hata kwa watengeneza majeneza. Mahali pengine alimwachia mlinzi. Mahali pengine aliisukuma chini ya mlango, akaondoka mbio kwenda mlango wa pili. Aligawa mia moja na kumi.

Jibu hakuna. Siku moja simu ililia, akaikimbilia mpaka akajigonga goti kwenye meza. Alikuwa mteja wa mke wake, anataka kusukwa nywele.

Baada ya hapo Wembe aliacha. Barua tisini zilizobaki zikakaa kabatini. Lakini miguu yake haikuacha. Ilizoea kusimama mbele ya mashine kutwa nzima, na sasa haikujua ifanye nini. Ikazunguka tu.

Mke wake alikuwa msusi. Alisukia wateja sebuleni, karibu na dirisha. Mteja alikaa kwenye kiti chenye mikono, kilichokuwa kizuri kuliko vyote nyumbani. Wembe alipita nyuma ya kiti, akaenda jikoni, akarudi, akapita tena. Siku moja mke wake aliweka kitana chini.

"Tazama hii mistari," alisema. "Imepinda. Nikikuona unapita, mkono wangu nao unatembea. Unataka na mimi nikose kazi?"

Wembe alitoka nje na kuupiga mlango. Alijisikia vibaya kabla hajafika barabarani. Mke wake hakuwa na kosa.

Jioni hiyo kaka yake alipiga simu. Kaka yake alifanya kazi kwenye machimbo ya kokoto, mbali sana, safari ya siku mbili.

"Mdogo wangu, huku kuna nafasi ya ulinzi," alisema. "Nimewaomba wakungoje mpaka mwisho wa mwezi. Usipofika, watamchukua mwingine."

"Na familia?"

"Utakuja kuiona mara moja kwa mwaka. Ndivyo tunavyoishi sisi."

Wembe alikata simu akamtazama mtoto wao mdogo. Alikuwa na miaka mitatu. Alikaa sakafuni akivuta kamba za viatu vya baba yake. Mwaka mmoja ni mrefu kwa mtoto wa miaka mitatu. Siku atakaporudi, mtoto huyu atamsalimia kama mgeni. Wembe aliogopa. Aliogopa kweli.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku ishirini na mbili.

Kesho yake, Jumamosi, alikuja jirani yao mmoja, mama wa makamo, kusukwa. Mtaani walimwita Mama Muhuri. Alifanya kazi masjala ya ofisi moja kubwa. Masjala ni chumba ambamo barua zote za ofisi hupokelewa. Mama Muhuri alizipokea, akazigonga muhuri, akazipeleka kunakohusika. Kwa miaka ishirini hakuna barua iliyoingia ofisini kwao bila kupita mikononi mwake.

Mama Muhuri alikaa kwenye kile kiti. Nusu ya nywele ilikuwa imesukwa, nusu nyingine imesimama. Wembe alipita nyuma yake mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

"Shemeji," alisema Mama Muhuri, "unatafuta nini humu ndani? Kama ni kazi, haiko chini ya kabati."

Mke wa Wembe alicheka, kisha akajizuia.

"Nilishatafuta," Wembe alisema. "Nimepeleka barua mia moja na kumi. Watu hawataki kuajiri. Basi."

"Mia moja na kumi! Hebu nione moja."

Wembe alileta. Mama Muhuri alitaka kuinamisha kichwa asome, mke wa Wembe akakivuta juu. Basi akainyanyua barua mpaka usawa wa macho. Akaisoma kwa sauti.

"'Kwa yeyote anayehusika. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, na ninajituma. Niko tayari kufanya kazi yoyote mtakayonipa.'" Akageuza upande wa pili. Ulikuwa mtupu. "Shemeji, ulikuwa unafanya kazi gani kule kiwandani?"

"Si unajua? Mkata karatasi. Miaka kumi na minne."

"Mimi najua. Huyu anayesoma atajuaje? Hapa umesema wapi kwamba unakata karatasi?"

Wembe aliichukua barua. Aliijua kwa moyo, lakini aliisoma tena mwanzo mpaka mwisho.

"Niliacha makusudi," alisema polepole. "Nilitaka ifae kila mahali. Nikiandika karatasi, mwenye duka la vyombo atasema hainihusu."

"Na sasa haimhusu hata mwenye karatasi. Ngoja nikwambie kinachotokea masjala. Barua kama hii naletewa kila wiki. Inaanza na 'yeyote anayehusika.' Nimpelekee nani? Yeyote hana chumba ofisini kwetu. Naigonga muhuri, naiweka kwenye boksi. Boksi likijaa, watu wanachukua zile karatasi wanaandikia nyuma. Orodha ya vocha, namba za simu. Na hii yako ni nzuri, nzito. Hii ingekwisha mapema."

Kitana kilisimama.

Wembe alikasirika. Alihisi aibu, na aibu ikageuka hasira. "Kwa hiyo nimetembea bure," alisema. Akatoka nje. Walimsikia akienda mwisho wa uchochoro, akirudi, akienda tena.

"Mwache," alisema Mama Muhuri. "Uchochoro hauna mlango wa kupiga."

Aliporudi, nywele zilikuwa karibu kwisha. Alisimama mbele ya kiti.

"Sasa nifanyeje, dada? Nimebakiwa na siku ishirini na moja, kisha niende kwa kaka machimboni."

"Kwanza punguza mbio. Kwa siku ulikuwa unapeleka barua ngapi?"

"Sita. Siku nyingine nane."

"Peleka mbili. Lakini kabla hujaandika, fika mahali penyewe. Uliza wanafanya nini. Uliza barua anapelekewa nani, umwandikie yeye kwa cheo chake. Mwambie unachokijua kufanya, na kitamsaidia vipi. Kisha andika mahali siku ya kurudi. Baada ya wiki rudi, uliza kwa adabu: barua yangu ilimfikia? Watu wanaorudi kwetu hawafiki watano kwa mwezi. Ndio ninaowakumbuka."

"Na nikiambiwa hapana?"

"Shukuru, uliza kama wanajua pengine wanapotafuta mtu. Halafu jambo lingine, shemeji. Ikifika saa saba mchana, acha. Rudi nyumbani. Fanya kitu cha mikono, cheza na watoto, lala. Wewe ulitafuta kazi kwa wiki tatu kutwa kucha, ukaishiwa pumzi. Hata mashine yenu ilikuwa na saa ya kuzimwa."

Siku iliyofuata Wembe alifungua kabati. Akatoa zile barua tisini. Alichukua kisu cha jikoni na rula ya binti yake mkubwa, akazikata kila moja katikati. Alizipigapiga kwa kiganja zikanyooka. Mke wake akampa uzi mweusi wa kusukia, akazishona pamoja. Kikawa kitabu kinene cha kuingia mfuko wa koti. Ukurasa mmoja ulikuwa na maneno ya zamani, wa nyuma yake ulikuwa mtupu. Kwenye zile tupu alipiga mistari ya sehemu nne: tarehe, mahali, niliyeongea naye, siku ya kurudi.

"Kizuri," mke wake alisema. Alikuwa wa kwanza kumsifu baada ya muda mrefu, na Wembe alijikuta anatabasamu kama mtoto.

Wiki ya kwanza alikwenda mahali kumi. Aliongea na watu. Aliwatafuta pia wenzake wa zamani, akawaambia wazi kwamba anatafuta kazi. Mwanzoni aliona haya, maana alidhani wote wameshapata. Kumbe wawili nao walikuwa nyumbani wakizunguka meza zao.

Majibu yalikuja. Yote yalikuwa hapana. Shule moja ilisema haina nafasi. Duka la madaftari lilisema njoo mwakani. Mwenye mashine ya kurudufu alisema, "Mzee, kijumba hiki hata mimi mwenyewe hakinitoshi."

Ijumaa Wembe alikutana na Mama Muhuri uchochoroni. Akampa kitabu akitazama pembeni.

"Hapana tatu," alisema. "Hii njia yako nayo imeshindwa."

Mama Muhuri alifungua kurasa. "Wiki tatu za mwanzo ulipata hapana ngapi?"

"Hakuna. Hakuna aliyejibu."

"Basi ulikuwa unapata kimya. Sasa watu wanakujibu. Wamekuona usoni. Usihesabu majibu, shemeji, hayako mikononi mwako. Hesabu ulichofanya wewe. Wiki hii mahali kumi. Umetimiza?"

"Nimetimiza."

"Basi nenda nyumbani, umemaliza kazi ya wiki hii." Akageuza ukurasa mwingine. "Kiwanda cha maboksi sikioni humu. Kile kinachotengeneza maboksi ya dawa."

"Kule nilishapeleka. Wiki ya kwanza kabisa."

"Ulipeleka karatasi. Wewe mwenyewe hujafika."

Jumatatu alifika. Mlinzi alikuwa akinywa chai. Wembe alimuuliza nani anayesimamia ukataji. Mlinzi akasema kila kitu kiko chini ya meneja wa uzalishaji, mama mmoja mkali. Walipokuwa wakiongea, Wembe aliona lundo la mabaki ya karatasi ngumu nje ya geti. Aliokota kipande, akapitisha kidole ukingoni. Ukingo ulikuwa na manyoya, nyuzi ndogo za karatasi iliyochanika. Akaokota kingine. Kilikuwa kimekatwa upande.

"Unaokota takataka?" mlinzi aliuliza.

"Nasoma," Wembe alijibu.

Usiku huohuo alitamani kuandika, lakini alikumbuka ratiba yake ya kuacha saa saba. Akaandika asubuhi, kwa mkono. Barua ilikuwa fupi:

"Kwa Meneja wa Uzalishaji. Nimekata karatasi kwa miaka kumi na minne. Nimeona mabaki yenu nje ya geti. Kingo zina manyoya na baadhi zimepinda. Hiyo ni dalili ya kisu butu, au ya rundo linalopangwa kwa haraka. Mambo yote mawili najua kuyarekebisha. Naomba nafasi ya kuwaonyesha."

Mke wake aliisoma akashika kiuno. "Si atakasirika? Unamwambia kazi yake mbaya."

Wembe aliongeza mstari mmoja: "Nasema hivi kwa heshima, kwa sababu naipenda kazi hii." Alipouandika aligundua kwamba ni kweli.

Aliipeleka. Wiki iliyofuata, Jumanne, alirudi. "Wewe tena, mzee wa takataka!" mlinzi alisema, lakini alikuwa akicheka. Meneja alikuwa kwenye mkutano. Wembe aliambiwa arudi Alhamisi. Akaandika Alhamisi kwenye kitabu.

Jumatano kaka yake alipiga simu. "Jumamosi tunakungoja. Tiketi nimekukatia."

Alhamisi asubuhi begi lilikuwa limejaa, limesimama karibu na mlango. Mtoto mdogo alikuwa amelikalia kama farasi. Wembe alikuwa amevaa viatu. Alizunguka meza. Alikwenda dirishani.

"Siendi," alisema. "Nikaambiwe hapana ya nne halafu nipande basi nayo? Afadhali nipumzike."

Mke wake hakugeuka. Alikuwa akifagia nywele sakafuni.

"Kitabuni umeandika nini leo?"

"Alhamisi. Kiwanda cha maboksi."

"Basi nenda ukapigie mstari. Kama ni kuondoka, ondoka umemaliza. Sitaki uende kule machimboni ukae unajiuliza." Akaegemeza ufagio ukutani. "Na mimi sitaki kubaki hapa najiuliza."

Wembe alikwenda.

Meneja alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani. Ofisi yake ilijaa maboksi yaliyofunguliwa. Hakumkaribisha kukaa, na Wembe alishukuru, maana hakuweza kukaa.

"Wewe ndiye uliyepekua takataka zangu?"

"Ndiyo, mama. Samahani."

"Ulikuja lini mara ya kwanza?"

Wembe alitoa kitabu mfukoni aangalie tarehe. Meneja alinyoosha mkono akakichukua. Hakusoma. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, karatasi zote mia moja na themanini.

"Hiki amekikata nani?"

"Mimi."

"Kwa mashine gani?"

"Kisu cha jikoni, mama. Na rula ya binti yangu."

Meneja alivaa miwani. Akafungua kurasa, akaona maneno yaliyochapwa. Akasoma. Kisha akavuta droo ya meza yake, akapekua, akatoa karatasi nyeupe, nzito. Nyuma yake alikuwa ameandika orodha ya vitu: gundi, balbu, betri za saa. Mbele yake yalikuwa maneno yaleyale. Kwa yeyote anayehusika.

"Imekaa humu miezi miwili," alisema. "Na miezi miwili hiyohiyo nimekuwa natafuta mkata karatasi. Wateja wa dawa wamenirudishia mizigo mara tatu. Kwa nini hukuandika kazi yako?"

"Nilitaka ifae kila mahali, mama."

Meneja alitikisa kichwa. Hakucheka. "Twende."

Mashine ilikuwa kubwa kuliko ile aliyoizoea. Wembe aliizunguka mara moja. Akaomba kisu kisafishwe na bamba la kubana karatasi likazwe. Akachukua rundo la karatasi ngumu, akalipanga. Vijana waliokuwa pale walikuwa wakipanga haraka. Yeye alilipigapiga kwa kiganja pembeni, polepole, upande huu na upande huu, akainama akatazama kwa jicho moja. Miguu yake ilikuwa imetulia kabisa. Akabonyeza.

Meneja alipima kwa rula mwanzo wa rundo, katikati na mwisho. Akapitisha kidole ukingoni. Akapima tena.

"Jumatatu saa moja kamili," alisema. "Utajaribiwa mwezi mmoja. Na hao vijana utawafundisha hicho kiganja."

Wembe alirudi nyumbani kwa miguu, akasahau kabisa kwamba kuna gari. Njiani alimpigia kaka yake. Kaka yake alicheka kwa nguvu. "Nitamtafutia tiketi mtu mwingine," alisema. "Kaa na wanao, mdogo wangu." Akawapigia pia wale wenzake wawili wa zamani. "Zile barua zenu za kuchapwa ziacheni," aliwaambia. "Njooni Jumapili, niwaonyeshe kitabu. Na mje na nyuzi."

Nyumbani mke wake alimwona usoni kabla hajasema neno. Alilichukua begi pale mlangoni, akaliingiza ndani, akaanza kutoa nguo moja moja. Alikuwa akilia na kucheka pamoja, na mtoto mdogo alilia kwa sababu farasi wake amechukuliwa.

Wembe alitoa kitabu. Akapiga mstari juu ya Alhamisi. Kisha akakaa. Alikaa kwenye kile kiti kizuri cha wateja, akaegemeza kichwa.

Baada ya muda mteja alibisha hodi. Aliingia akakuta kiti kina mtu. Amelala fofofo, mdomo wazi, viatu miguuni.

"Nimsubiri aamke?" mteja alinong'ona.

"Hapana, dada, mwache," alisema mke wa Wembe, akavuta kigoda kutoka jikoni. "Wewe utakaa hapa leo. Huyu hajakaa tangu kiwanda kilipofungwa."